Z yenye alama nyekundu

Jana jioni mwanangu wa mwisho alikuwa anatafuta katuni zake kwenye kompyuta ya sebuleni, akaniita. "Mama, hii Z ni ya nani?" Chini ya C na D ilikuwa imekaa diski ya ofisini, na kile kialama chekundu cha kukatika. Miaka yote hii sijaiondoa.

Machi 2020. Tarehe 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona, tena pale pale Arusha, ilipo ofisi yetu. Shule zikafungwa, bosi akatutawanya, nikarudi zangu Moshi na laptopu. Fundi wetu alikuwa ameniwekea VPN, njia ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi ukiwa mbali: unganisha kwanza, halafu fungua Z, folda zote za ofisi utazikuta. Siku ya kwanza iligoma, kumbe rauta ya nyumbani na ya ofisini zote zinatumia anwani za 192.168.1, kompyuta ikawa inaitafuta seva, ile kompyuta ya ofisini inayotunza folda, humu ndani kwangu. Akanielekeza kwa simu nikabadilisha ya nyumbani, ikakubali. Excel moja ya wageni ilichukua dakika tatu kufunguka, lakini ilifunguka.

Jumapili iliyofuata tukasikia kwamba kuanzia kesho yake wageni wanaotoka nchi zenye maambukizi makubwa watakaa karantini siku 14, kwa gharama zao. Kwenye wageni wetu nilikuwa na familia ya watu saba kutoka Ulaya, wazee wawili na watoto watatu, wanapanda ndege kesho. Namba zao zilikuwa Z. VPN ikaandika imeunganishwa, Z ikabaki na wekundu wake. Fundi yuko Rombo, hapatikani. Nikampigia mlinzi wetu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mama. Kwema huko Moshi?"

Akaniambia umeme ulikatika alfajiri ukarudi mchana. Hapo nikaelewa. Rauta huwaka yenyewe, seva yetu ilikuwa lazima mtu aibonyeze. Nikamwomba achukue funguo, apite stoo, aingie kile chumba kidogo cha nyuma. Nilisikia funguo zikigongana, mlango ukikwaruza sakafu, kisha kimya.

"Babu, upo?"

"Nipo mlangoni. Humu sijawahi kuingia, mama. Miaka sita."

"Ingia tu. Unaona boksi jeusi, limesimama chini ya meza?"

"Naliona. Lina kitaa cha njano, kinapepesa."

"Kuna kitufe cha duara kwa mbele. Kibonyeze mara moja, uachie."

Hakubonyeza. Nilikuwa namsikia anavyopumua, na mvua ya Arusha ikipiga bati juu yake. "Nikiliharibu je? Utawaambia wewe ndiye uliyenituma?" Nikamwambia nitasema, Babu, nakuapia. Akasema, "Bismillah." Feni zikavuma ndani ya simu, vuuu, mpaka nikaisogeza mbali na sikio. "Limeamka!" akasema, kwa sauti ya mtu aliyemzalisha ng'ombe. Hakukata simu. Alikaa pale gizani akinisomea taa, moja ya kijani, sasa mbili, mpaka Z yangu ikafunguka na nikaiona orodha. Ile familia niliipata saa tatu usiku. Hawakusafiri.

Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa, kazi ikafa. Mwisho wa mwezi bosi akanitumia ujumbe: kuna faili kwenye Z, andaa barua za watakaosimamishwa. Nikaunganisha, nikafungua. Jina la Babu lilikuwa la kwanza.

Niliiandika. Mistari sita, nikaihifadhi mle mle Z, nikakaa naitazama. Nilitaka nimpigie kabla barua haijamfikia, nimweleze. Sikumpigia. Nilijiambia labda bosi atabadilisha mawazo, labda si nafasi yangu, na jina langu mwenyewe lilikuwa la tano. Mpaka leo sijui kama simu ile ingemsaidia yeye, au ingenisaidia mimi tu.

Nilimjibu mtoto kwamba hiyo ilikuwa njia yangu ya kuingilia ofisini.

"Sasa si uifute?"

Nikamwambia atafute katuni zake, ziko D. Namba ya Babu bado ninayo.