Stelingi inalia: kumbe sauti zilikuwa mbili, ya tatu nikaitengeneza mwenyewe

Siku ya kwanza niliandika kwenye daftari "stelingi inalia", basi, nikafunga. Nikirudi kusoma leo naona haisaidii kitu, inalia vipi, ukikata upande gani, gari ikiwa inatembea au imesimama, injini ya moto au ya baridi, hamna. Ningejaza hayo mapema ningeokoa wikiendi nzima na bol jointi moja (kile kiungo cha duara kinachoshika tairi kwa chini na kuiacha igeuke) ambayo haikuwa na kosa lolote.

Gari yenyewe ni ya zamani, inavuta kwa tairi za mbele, stelingi ya haidroliki, pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Kelele inakuja nikiwa napaki, nikikata kona kali taratibu, inaanza "ng'oooo" afu katikati inapiga "kwaang" moja kama sufuria imedondoka chini ya miguu yangu. Mi nikaichukulia ni sauti moja.

Wikiendi ya kwanza

Nilisikia inatokea kulia, chini. Nikapiga jeki, nikaweka stendi, nikaingia, nikaona raba ya bol jointi ya kulia imefubaa na ina grisi kavu kwa nje, nikasema leo nimekukamata. Hata nondo ya kuitikisa sikuweka, nikaenda moja kwa moja kuichomoa. Iligoma, nikaleta nyundo, nyundo ikateleza mara mbili tatu, mwishowe ikatoka. Nikafunga mpya, nikashusha gari, nikakata kona: ng'oooo, kwaang. Vile vile! Na juu yake kuna kitu kipya, "kwaru kwaru kwaru" kinafuata mzunguko wa tairi.

Ile ya zamani nikaishika mkononi, imekaza vizuri tu, haichezi hata kidogo. Iko kwenye boksi la spana mpaka sasa, siwezi kuitupa, inanitazama.

Wikiendi ya pili

Safari hii spana nikaziacha kwanza. Nikamwita mdogo wangu akae kwenye usukani, gari iko chini kwenye tairi zake, injini imezimwa, ufunguo umewekwa tu ili loki ya stelingi isishike. Injini ikizima pampu haizunguki, kwa hiyo chochote kitakacholia hapo hakitoki kwenye pampu. Usukani unakuwa mzito balaa, akawa anauvuta kwa mikono miwili huku analalamika.

Ng'oooo imepotea kabisa. Kwaang iko palepale.

Basi nikaanza na ng'oooo manake ndo rahisi. Nikafungua chupa ya oili ya stelingi injini ikiwa inaunguruma, ndani kuna povu kama la sabuni. Oili haijapungua sana na chini hamna tone hata moja, hicho ndo kilinichanganya, nikawa najiuliza hewa inaingilia wapi kama oili haitoki. Ila ukifikiria, ile paipu ya mpira inayotoka kwenye chupa kwenda kwenye pampu ni upande wa kunyonya, kwa hiyo klipu ikilegea pampu inavuta hewa kutoka nje hata kama oili haimwagiki. Na klipu yangu ilikuwa inazunguka kwa kidole. Nikabadilisha paipu na klipu, nikajaza oili aina ile ile iliyoandikwa kwenye mfuniko (hapo usichanganye tu kwa sababu rangi zinafanana), nikainua tairi za mbele, injini imezimwa, mdogo wangu akakata mwisho hadi mwisho polepole kama mara 20 huku naongeza oili kila ikishuka. Tulipowasha, kimya. Imebaki ule mlio mdogo stelingi ikifika mwisho kabisa, huo ni wa kawaida, presha inakuwa juu na valvu inafunguka, muhimu usiing'ang'anize hapo.

Sasa kwaang. CV jointi, kile kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi ya mbele, niliitoa kwenye orodha mapema kwa sababu yenyewe inalia "ka-ka-ka-ka" gari ikitembea umekata kona na unakanyaga mafuta, na raba zake zote mbili ni nzima. Bearingi ya tairi nayo inavuma ukiwa kwenye mwendo, haigongi gari ikiwa imesimama. Nikapitisha mkono juu ya tairi, nikalaza kiganja kwenye springi ya shokapu kwa nje, vidole visiingie katikati ya koili. "Kata taratibu."

Hapa ndo nilipoelewa. Tairi inageuka lakini springi haigeuki nayo, unaisikia inajikaza chini ya kiganja, inajikaza, inajikaza, afu inaruka ghafla, kwaang, mpaka kwenye kiwiko. "Kaka, usukani umerudi wenyewe kidogo," mdogo wangu akasema. Bearingi ya juu ya shokapu, ile inayokaa kwenye mauntini (kishikio cha shokapu kule juu kwenye bodi) na kuiacha springi igeuke na tairi, imeganda. Sauti inazaliwa juu huko mi niko chini napigana na bol jointi, chuma kinasafirisha sauti bwana.

Wikiendi ya tatu

Shokapu nimeitoa mwenyewe ila springi sikuigusa, nati ya katikati ukiilegeza kabla springi haijabanwa na kifaa chake inaweza kukuua. Nikambebea fundi mwenye kifaa akaweka bearingi na mauntini mpya. Ya zamani niliizungusha kwa vidole, inasaga kama ina mchanga, upande mmoja kutu tupu.

Nikiwa narudisha tairi nikakumbuka kwaru kwaru. Nyuma ya diski ya breki kuna bati jembamba la kukinga uchafu, lina alama mbili za nyundo na sehemu inayong'aa pale linapogusa diski. Nikalivuta kwa mkono, sekunde 5, limeisha.

Kilichobaki ni alaimenti, yaani kunyoosha tairi, manake bolti za chini za shokapu zikishalegezwa kemba (tairi inavyolala ndani au nje) inahama, na usukani sasa hivi umekaa upande kidogo nikienda moja kwa moja. Nimeandika kwenye daftari: "usukani umelala kushoto, barabara tambarare, mwendo 60, hamna sauti."