Siku Moja ya Mwalimu wa Kemia Anayesomea Uzamili

Saa kumi na moja alfajiri. Chai ya rangi, kurasa chache za makala aliyoagiza msimamizi wa utafiti wangu, maana kichwa huwa chepesi saa hii tu. Saa kumi na mbili na robo nashuka hadi feri ya Likoni, navuka hadi kisiwa cha Mombasa, nashika matatu.

Wengi hudhani mwalimu mzoefu akirudi chuoni anafuata cheo. Wengine huuliza: baada ya miaka yote ubaoni, ni kemia gani mpya anakwenda kujifunza? Kemia ni ile ile. Tunachosomea ni kwa nini mwanafunzi aliyefundishwa vizuri bado hutoka darasani na imani ile ile aliyoingia nayo.

Saa moja na nusu, maabara. Kidato cha Nne wana titresheni, yaani kupima nguvu ya besi kwa ujazo wa asidi unaoimaliza, baada ya mapumziko. Hewa ya Mombasa ina unyevu na chumvi: vibanio vya chuma hushika kutu, na tembe za hidroksidi ya sodiamu huanza kunyonya maji mara kopo linapofunguliwa. Ukipima gramu 4 ukajaza maji hadi lita 1, karatasini una molari 0.1, yaani moli 0.1 kwa lita. Kwa kweli ni chini ya hapo, kwa kuwa sehemu ya uzito ule ni maji. Besi hii ikiwa 0.09, sentimita 25 za ujazo zitamalizwa na 22.5 za asidi ya 0.1 badala ya 25.0, na mwanafunzi aliyepima sawasawa ataonekana amekosea. Kwa hiyo asidi huhakikiwa kwanza kwa sodiamu kaboneti kavu, gramu 5.3 kwa lita, ndipo besi ipimwe kwa asidi hiyo.

Vipindi, kusahihisha, chakula cha mchana, vipindi tena hadi saa kumi.

Saa kumi na moja na nusu jioni, chuoni mjini. Darasa zima ni walimu, bado wana vumbi la chaki mikononi. Leo ni muundo wa utafiti uitwao wa Solomon, wa makundi manne. Mawili hufanya mtihani wa awali, mawili hayafanyi. Katika kila jozi kundi moja hufundishwa kwa mbinu mpya na lingine kwa mbinu ya kawaida. Mwishoni wote hufanya mtihani mmoja. Hivyo hujulikana iwapo mtihani wa awali wenyewe uliwafunza kitu. Vitabuni unapendeza. Huku kwetu huwezi kutumia mikondo ya shule moja, maana wanaolala bweni moja watapashana maswali kabla taa hazijazimwa. Zinahitajika shule nne, yaani walimu wakuu wanne wa kukubali na walimu wanne wa kuifikia mada katika juma lile lile. Kabla ya hapo kuna barua ya chuo, kibali cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi), ofisi ya elimu ya kaunti, na idhini ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18. Barua moja ikichelewa, mada inafundishwa, na mtihani wa awali hauna tena maana.

Kisha feri tena, chakula, na mezani karatasi za majaribio. Usiku wote unaishia hapa. Swali linasema: gramu 20 za chumvi zimeyeyushwa katika gramu 200 za maji, mchanganyiko una uzito gani? Majibu ni matatu: chini ya 220, 220, zaidi ya 220. Chini yake kuna sababu nne za kuchagua, na nafasi ya kuandika maelezo. Anayebahatisha jibu pekee ana nafasi moja kati ya tatu. Akitakiwa kupata na sababu, moja kati ya kumi na mbili. Ndiyo maana tunauliza mara mbili.

Kuhesabu hakuchoshi. Kinachochosha ni maelezo. Mmoja ameweka 220, jibu sahihi, kisha akaandika: «chumvi imekuwa maji». Je, anaamini chumvi imegeuka kuwa kitu kingine, au amekosa tu namna ya kusema imesambaa? Mwingine ameandika chini ya 220 kwa sababu «chumvi haionekani tena», na bila shaka anajua kwamba kule Gongoni maji ya bahari hukaushwa chumvi ikabaki. Ana maarifa yote mawili na hayajakutana. Huyu ndiye hasa ninayemtafuta, na mtihani wa kuchagua jibu pekee ungempa sifuri tu.

Saa sita imeshapita, macho yanauma, na bado nalazimika kurudi juu ya rundo, kwa kuwa ukichoka unaanza kuwahurumia wa mwisho kuliko wa kwanza. Pia hukumu yangu peke yangu haitoshi. Watu wawili wakipanga majibu na kukubaliana kwa 80 kati ya 100, na kwa bahati tu wangekubaliana 50, kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano yanayozidi bahati, ni 0.30 gawanya kwa 0.50, yaani 0.60. Msimamizi hatakubali hiyo. Itabidi maelezo ya makundi ya majibu yaandikwe upya, kuanzia lile la «imekuwa maji».

Kesho kabla ya gwaride mwenzangu wa fizikia atapewa karatasi hizi bila alama zangu, azipange mwenyewe.