Umemtandikia

Bwana asifiwe, wapendwa. Andiko la wiki hii ni Zaburi 41:3, na nalisoma nikiwa chali hapa nyumbani mtaani Umoja, Nairobi, mto mmoja chini ya kichwa na mwingine chini ya magoti. Leo ni siku ya 11 tangu nitolewe uvimbe kwenye kizazi.

"Bwana atamtegemeza alipo mgonjwa kitandani. Katika ugonjwa wake umemtandikia."

Aya hii nimeisikia miaka mingi wagonjwa wakiombewa, na siku zote nilishika nusu ya kwanza. Kutegemeza ni neno la madhabahuni. Kutandika ni kazi ya chumbani, asubuhi, kabla ya chai. Tena angalieni: Daudi anaanza kwa kutusimulia habari za Mungu, "atamtegemeza", halafu ghafla anamgeukia Mwenyewe, "umemtandikia". Hasemi utamtandikia. Shuka imekwisha kunyooshwa. Kwa Kiebrania ni kama kusema kitanda chake chote umekigeuza, na wapo wanaoelewa kwamba ni ugonjwa uliogeuzwa kuwa afya. Huenda. Lakini aliyelalia godoro moja siku 11 anajua raha ya kugeuziwa mto upande wa baridi, kwa hiyo mimi nimebaki na shuka.

Shida ni kwamba mtandikaji wa nyumba hii ni mimi. Daktari amenikataza kunyanyua kitu kizito kwa wiki sita. Alhamisi, siku yetu ya maji, nikasikia mfereji unakoroma na mitungi ya lita 20 inaburutwa uani, nikajisahau, nikataka kuinuka mara moja. Mshono ulinirudisha chini. Muuguzi alikuwa amenifundisha vizuri: lala ubavu kwanza, shusha miguu, ndipo ujisukume kwa mkono; ukikohoa, kumbatia mto tumboni. Nitembee pia, hadi mlangoni na kurudi, damu isigande miguuni.

Anayenitandikia ni kijana wangu wa miaka 16. Ananiketisha kwenye kiti cha plastiki, anakung'uta shuka, anaitandaza kama turubai la matangani. Ncha moja haikosi kuning'inia. Siku tatu za kwanza nilimwelekeza kutoka kitini: vuta huku, chomeka pale, hapana, maua yaangalie juu. Siku ya nne akasimama, shuka mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mama, unataka kulala ama unataka ipendeze?"

Sikumjibu. Usiku huo niliomba kama kawaida, Bwana unipumzishe, nikajisikia naomba huku bado nimekaa kwenye kile kiti, kidole juu, namwonyesha na Yeye pa kuchomeka.

(Mkiendelea na zaburi hiyo mtaona mgonjwa analalamikia wageni: wanakuja kumtazama, wanasema uongo, wakitoka nje wanayatangaza. Wangu si wa hivyo. Mmeniletea uji wa wimbi, parachichi na supu ambayo hata sasa iko kwenye friji. Ila kuna dada mmoja, simtaji, aliyekaa saa tatu akinihesabia watu waliofanyiwa upasuaji kama wangu wakafa. Nilimpenda sana alipoaga.)

Jana kijana alitandika haraka, ana mtihani. Nilipolala niliona ile ncha inaning'inia upande wa ukuta. Honi za matatu za barabara ya Outering zilikuwa zimeanza kupungua. Mkono ulinyooka wenyewe kuelekea pale, nikaurudisha chini ya blanketi. Niliposhtuka ilikuwa adhana ya alfajiri.

Jumapili bado sitakuwa kanisani. Mnaotaka kuja, njooni baada ya saa tisa, na nawasihi msinichekeshe, mshono haujazoea.