Ada ya Shahada ya Uuguzi ya Miezi 16

Nilipoamua kuomba nafasi katika programu ya uuguzi ya kasi hapa Marekani, ile inayompokea mtu mwenye shahada ya fani nyingine na kumwandaa kwa NCLEX-RN, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, kwa miezi 16, nilidhani kikwazo kingekuwa masomo ya awali. Anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia na takwimu niliyamaliza jioni, baada ya kazi. Kilichonikosesha usingizi ni ada. Nilijaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kwa kuwa mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa, kisha nikafahamu kwamba ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu usiorudishwa, kwa kawaida haitolewi kwa aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, hata kama aliipatia Kenya kama mimi. Ulibaki mkopo wa serikali kuu, ambao kwa mwanafunzi anayejitegemea wa ngazi ya shahada ya kwanza una kikomo cha dola 57,500, mikopo ya zamani ikihesabiwa. Jambo hili liliniuma, kwani mafunzo ya hospitalini hayaachi nafasi ya ajira ya kutwa. Kwa hiyo niliahirisha maombi, nikaweka akiba miaka miwili kwa zamu za usiku za kuwatunza wazee, na chuo nikakichagua kwa kulinganisha gharama nzima, sare na bima ya afya zikiwemo.