Shule ziunganishwe sawa, lakini boti ni ya nani?

Haya jamani, ile habari iliyokuwa ikizunguka barazani kila baada ya Isha sasa imetoka mdomoni mwa ofisi ya elimu yenyewe. Wazazi tuliitwa mkutano tukaambiwa shule yetu na ile ya ng'ambo huenda zikaunganishwa, manake watoto wamepungua huku na wamepungua kule. Sitaji majina ya shule. Wenyeji mshajijua, na wasio wenyeji chukueni tu kwamba ni vijiji viwili hapa visiwani Lamu vinavyotazamana, adhana ya huku inasikika kule, ila katikati kuna mkono wa bahari. Huo mkono wa bahari ndo mada yangu leo, maana kwenye karatasi waliyotugawia haumo kabisa.

Kwanza niseme mapema ili nisitukanwe bure: mimi sipingi kuunganisha. Hesabu naiona. Serikali inatoa shilingi 1,420 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka, sasa chukua shule ya watoto 60 uzidishe mwenyewe, unapata 85,200 ya mwaka mzima, na hapo mnataka chaki, mitihani, maji, kufuli la ofisi lililoliwa na chumvi na bati lililong'oka tangu upepo wa mwaka jana. Walimu nao TSC, ile tume inayowaajiri, inawagawa kwa kuangalia idadi ya watoto, kwa hivyo watoto wakipungua walimu wanapungua, alafu unakuta mwalimu mmoja ana gredi ya 4 na ya 5 chumba kimoja, hawa wanatazama ubao wa mbele na wale wa nyuma, yeye katikati anageuka kama feni. Mzazi akiona hivo anamtoa mtoto anampeleka akademi ya kulipia mjini Amu, yaani Lamu mjini, na idadi inashuka tena. Na tangu junia sekondari iletwe kwenye shule za msingi mwaka 2023 mambo ndo yamezidi, kwa sababu junia inataka mwalimu wa sayansi, wa hesabu, wa kilimo, na hapo mna watoto kumi na kitu, nani atakuletea walimu wote hao?

Watoto wameenda wapi? Watu wanasema ooh vijana hawaoi. Si hivo tu. Familia nyingi zimehamia bara, miji ya Mokowe na Hindi, hasa tangu bandari ya Lapset ianze kufanya kazi 2021 na barabara ya Garsen mpaka huku kutiwa lami, biashara iko kule na kiwanja bado kinapatikana. Wengine Mombasa moja kwa moja. Na uzazi umepungua Kenya nzima, ule uchunguzi mkubwa wa afya wa 2003 ulisema mwanamke mmoja anazaa karibu watoto 5, wa 2022 ukasema 3.4, sasa bibi zetu waliozaa timu ya mpira wakisikia hivo wanatucheka. Alafu kuna jambo halisemwi mkutanoni: waliopiga kelele zaidi siku ile kwamba shule ya babu zetu haifungwi, nusu yao watoto wao wako akademi. Nilikaa nikawatazama tu.

Nilimpigia binamu yangu aliye Marekani, akacheka kweli, kumbe na kwao wako kwenye mambo haya haya. Kule shule zimegawanywa kwa wilaya, na wilaya nyingi zina bodi yao inayopigiwa kura na sehemu ya pesa inatoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi za wenyeji, si kama hapa mwalimu analipwa kutoka Nairobi. Watoto wakipungua, wilaya mbili jirani zinakaa kitako zinaulizana kama ziungane. Si jambo jipya kwao, karibu 1940 walikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000 na leo zimebaki kama 13,000. Jimbo la Arkansas lilipitisha sheria 2004 kwamba wilaya ikiwa na wanafunzi chini ya 350 miaka miwili mfululizo lazima iunganishwe. Nikamuuliza watu wanagombania nini hasa, akasema mawili, jina la timu ya mpira libaki la nani, na mtoto atakaa kwenye basi muda gani asubuhi. Jina la timu mimi nalielewa sana, sisi tungepigana vile vile. Lakini hilo la basi ndo lilinikaa kichwani, manake kule basi lipo. Wanagombania dakika, na dereva analipwa na wilaya.

Sasa rudi kwetu. Siku ile ya mkutano afisa alisoma karatasi yake vizuri tu, kijana mstaarabu, akasema umbali baina ya shule hizi mbili ni kama kilomita mbili, hautishi. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akainua fimbo.

"Mwanangu, hizo kilomita umezipima na nini?"

"Kwa ramani, mzee wangu."

"Ramani hiyo ina bamvua?"

Watu walicheka mpaka afisa mwenyewe akacheka, lakini mzee hakuwa anatania, bamvua ni zile siku maji yanajaa na kupwa kupita kiasi. Maji hapa yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Yaani leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi maji yamejaa na mtoto anapandia boti hapo hapo kwenye ngazi, wiki ijayo saa ile ile ni matope mpaka magotini na boti imelala ubavu. Siku za bamvua ndo mbaya zaidi, maji yanaenda mbali kabisa, siku za maji mafu, yasiyosogea sana, afadhali kidogo. Hiki si kitu kigeni, kila mtu anajua Mkanda ulivyo, ule mkono wa bahari kati ya Manda na bara, na jinsi watu wa Pate wanavyopanga safari kwa maji na si kwa saa ya ukutani. Lakini kengele ya shule inaenda kwa saa ya ukutani. Kwa hiyo mtoto atafika saa mbili siku hizi, siku zile atafika saa nne, na mwalimu wa hesabu atakuwa keshamaliza.

Na bado hatujafika kwenye upepo wa kusi. Angalia kalenda ya shule, muhula wa pili wote umelalia kwenye kusi, kuanzia mwisho wa Aprili hadi Agosti, ndio ule wakati hata wavuvi wakubwa wanakaa wiki wanashona nyavu. Tunazungumzia mtoto wa gredi ya 1, miaka sita, kwenye boti ya faiba, na mimi sijaona jaketi la kuokolea la saizi yake hapa kijijini, yaliyopo ni ya watu wazima, ukimvisha anapotea ndani.

Kuna la chuo pia, na hili akina mama ndo walilishika. Watoto wakitoka shule wanaenda chuoni kusoma Kurani mpaka jua linakaribia kuzama. Boti ikirudi saa kumi na mbili kwa sababu maji ndo yameruhusu, chuo kimekwisha. Dada mmoja akamwambia afisa, "Mwalimu, wewe unatuunganishia shule moja na unatuvunjia nyingine," na hapo ukumbi wote ukanyamaza maana hakuna aliyekuwa na jibu.

Mengine nayapitia haraka. Nasari iko chini ya kaunti na msingi iko chini ya serikali kuu, ndivyo katiba ya 2010 ilivyogawa, kwa hivyo msingi ikihamia ng'ambo wale wadogo kabisa wanabaki peke yao kwenye kiwanja kitupu na mwalimu wao mmoja. Na kiwanja chenyewe kwetu ni wakfu, kilitolewa kwa ajili ya kusomesha, hakiuzwi wala hakigeuzwi gesti ya watalii hata mtu aje na bahasha gani, naliandika hili hapa makusudi kwa sababu nishasikia minong'ono. Kuna aliyesema tujenge bweni kama watoto wa jamii ya Boni walivyopelekwa Mokowe shule zao zilipofungwa kwa ajili ya usalama. Wale walikuwa hawana njia nyingine. Sisi kumlaza nje mtoto wa miaka saba ilhali mamake anaona taa ya bweni kutoka dirishani, hapana.

Ninachotaka mimi ni hiki: gredi ya 1 mpaka ya 3 wabaki hapa hapa, mwalimu mkuu awe mmoja wa pande zote mbili, na kuanzia gredi ya 4 hadi junia ndo wavuke, maana hao ndo wanaokosa walimu na wengi wao wanajua kuogelea kuliko mimi. Na kabla hatujatia sahihi boti iandikwe. Boti ya nani, nahodha analipwa na nani, petroli inatoka mfuko gani, jaketi ngapi na za saizi gani, na siku nahodha akisema bahari haifai leo, mtoto asiandikwe hayupo. Mambo ya "itashughulikiwa" hatuyataki, tunayajua yanavyoishia.

Manahodha wawili washanipigia hesabu ya mafuta ya muhula mzima, ya kaskazi na ya kusi mbali mbali, karatasi ninayo. Mkutano mwingine ni baada ya mitihani. Kama wewe uko Ndau, Kiwayu au upande wa Faza na mtoto wako huvuka maji kwenda shule, niandikie hapo chini mnalipaje na mnafanyaje siku za bamvua, nataka niingie mkutanoni na mifano ya watu wanaovuka kweli.