Kumbe sio kipandauso

Huku kwetu Mtwara mtu mzima akilalamika kichwa, majibu yapo tayari: jua, presha, salfa ya kupulizia mikorosho, kipandauso. Na mara nyingi ndo hivyo kweli, sibishi. Ila mama mdogo wangu alimeza dawa za kipandauso miezi na miezi, anatapika, anajifungia ndani hataki mwanga, na sote tukaona ni kawaida yake mpaka akaanza kukosea chenji pale Feri, soko la samaki, yeye ambaye hesabu za samaki anapiga kichwani tangu tuko wadogo, akawa mkali, mara analia tu, watu wakasema majini.

Sikio moja likaanza kuvuma, akaenda kwa mtu wa masikio. Jicho moja kuna sehemu haoni, akaenda kwa mtu wa macho. Kichwa kina daktari wake mwingine. Yaani hakuna hata mmoja aliyesikia vyote vitatu kwa pamoja, na hiki ndo kinachoniuma mpaka leo.

Dar walipompiga MRI, ile picha ya ndani ya ubongo, wakaona madoa kwenye lile daraja la katikati linalounganisha pande mbili za ubongo, wakasema ni ugonjwa unaoitwa Susac. Jina la daktari Mmarekani, John Susac, aliyeuelezea mwaka 1979 kwa wanawake wawili. Kinga ya mwili inageuka inashambulia mishipa midogo ya damu ya ubongo, ya nyuma ya jicho na ya sikio la ndani, inaziba. Ni nadra mno, watafiti walipokusanya ripoti za dunia nzima mwaka 2013 walipata wagonjwa 304 tu, wengi wanawake wa miaka 20 mpaka 40, na kichwa mara nyingi ndo kinatangulia, kinafanana kabisa na kipandauso.

Alianzishiwa steroidi za dripu kisha vidonge, pamoja na dawa nyingine za kutuliza kinga. Akili imerudi alhamdulillah, sikio halijarudi.

Kwahiyo ndugu zangu, kichwa kipya ukubwani kikija na kusahau, tabia kubadilika, sikio au jicho kupungua, msigawe dalili. Andika zote karatasi moja, mpe daktari mmoja, na mgonjwa aende na mtu anayeishi naye maana mwenyewe hajioni alivyobadilika. Na hivyo vidonge vya steroidi, prednisolone, hata akijisikia mzima, asiviache ghafla, vinapunguzwa kidogokidogo na daktari.