Bao la Ndola tulilolisikia Masaka

Agosti 1979 watu wengi nyumbani walikuwa wameshaisahau vita. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Juni vikosi vyetu vikafika mpaka wa Sudan, na mkoa wa Ziwa Magharibi ukawa unaanza kuitwa Kagera. Sisi tulikuwa bado Masaka, kusini mwa Uganda. Tulilinda mji ambao sehemu kubwa yake ilikuwa vifusi, maana jeshi letu lilipouchukua Februari lilibomoa majengo kulipiza yale ambayo askari wa Nduli Idi Amin waliwafanyia watu wetu ng'ambo ya mto Kagera. Lindo langu lilikuwa kwenye mtaa wa maduka yasiyo na mapaa.

Kabla ya hapo nilikuwa winga wa kulia. Nilifanya kazi kiwandani Mwanza, na jioni nilikuwa mtu wa uwanja wa Nyamagana. Nilikuwa na mbio, nilikuwa na krosi, na mwaka 1978 jina langu lilisomwa kwenye timu ya mkoa. Kisha Novemba Mwalimu akahutubia taifa kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na sisi tuliokuwa tumepitia mafunzo ya mgambo tukaitwa. Nilikwenda kwa moyo mmoja. Leo hii ningekwenda tena. Njumu zangu nilimwachia mdogo wangu azipake mafuta zisikauke.

Mchana ule Taifa Stars walikuwa Ndola kurudiana na Zambia. Dar es Salaam tulikuwa tumewafunga 1-0, kwa hiyo sare tu ingetupeleka Lagos kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, mahali ambapo Tanzania haikuwahi kukanyaga. Na Zambia haikuwa timu ya kubeza, miaka mitano tu nyuma ilikuwa imecheza fainali yenyewe na Zaire.

Redio ilikuwa ya sajenti. Betri zake zilikuwa zimechoka, na tangu asubuhi tulizianika juani kwenye bati, tukizigeuza upande huu na ule. Kijana mmoja wa mawasiliano alileta waya wa simu ya jeshi, akauvua ganda kwa meno, akauzungushia kwenye antena na kuupandisha hadi juu ya mparachichi. Radio Tanzania ikaja, ikapotea, ikaja tena. Tulikaa chini tukiizunguka, bunduki zikiwa mapajani, na hakuna aliyeruhusiwa hata kukohoa.

Mtangazaji alipotaja kikosi nilifumba macho. Juma Pondamali golini. Jellah Mtagwa, nahodha. Leodegar Tenga. Juma Mkambi, ambaye mashabiki walimwita Jenerali, na askari mmoja akapiga saluti pale pale alipokaa. Mimi sikucheka. Kila jina lilipotajwa nilikuwa namwona mtu akifunga kamba za viatu, akiruka ruka kupasha moto misuli, akivuta pumzi ya majani. Miguu yangu ilikuwa ndani ya buti, na kucha mbili za mguu wa kulia zilikuwa zimeng'oka kwenye matope ya njiani.

Zambia wakatangulia kufunga. Kelele za uwanja zilijaa kwenye redio mpaka sauti ya mtangazaji ikazama. Mwenzetu mmoja kutoka Tarime, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiogopa mzinga, alisimama akaondoka. Alisema hawezi.

Zikaja dakika za lala salama. Betri nazo zilikuwa zinakufa, sajenti akaliinua redio na kulibana sikioni, sisi tukawa tunamtazama midomo. "Tino," akasema. "Tino ana mpira." Halafu hakusema kitu. Alilitupa redio kwa aliyekuwa karibu naye, akaruka juu.

Peter Tino alikuwa amesawazisha.

Tulipiga ukelele ambao mji ule haukuwa umeusikia tangu mizinga iliponyamaza. Watu walikumbatiana, wengine walibingirika chini. Mkono wa mmoja ukaenda kwenye bunduki na sajenti akamwona. "Hakuna risasi! Atakayefyatua hata moja atalala mahabusu!" Ng'ambo ya barabara mama mmoja wa Kiganda alitoka mbio ameshika watoto wawili, tayari kukimbilia migombani. Nikamkimbilia nikiwa nimeinua mikono mitupu. "Mupiira, nnyabo! Mupiira!" Alinitazama usoni kwa muda mrefu kabla hajawarudisha watoto ndani.

Hapo ndipo machozi yalinitoka. Sikumwonea wivu Tino wala mwingine yeyote. Nilikuwa na furaha iliyonijaa kifua, na ndani ya furaha hiyo hiyo nikatambua kwamba miaka yangu ya kukimbia pembeni mwa uwanja ilikuwa inakwisha, na mimi niko kwenye lindo. Askari anaweza kuwa askari hadi mvi. Winga ana miaka michache tu, na yangu niliipa nchi. Sijutii, lakini naona ni haki isemwe. Tuliowahi kucheza na tukaitwa tulikuwa wengi, na hakuna aliyetuandika.

Usiku ule nilimwandikia mwalimu wangu wa timu Mwanza. Nilimwambia naja, asimpe mtu namba saba.

Fainali za Lagos za Machi 1980 nazo nilizisikia nikiwa huko huko Uganda. Nigeria wakatufunga 3-1, Misri 2-1, na Ivory Coast tukatoka nao 1-1. Tanzania haikurudi tena kwenye fainali hizo mpaka 2019.

Niliachiwa mwaka 1981. Njumu zilikuwa laini, mdogo wangu alikuwa amezitunza kama mboni ya jicho. Nilikwenda Nyamagana Jumamosi ya kwanza, mwalimu akanikumbatia, akaniangalia nikikimbia na mpira mara mbili tatu kutoka katikati hadi kibendera cha kona, kisha akanipanga beki wa kulia.